Kashata za Kisiginoni

Leokadia Mkude alikuwa amehudhuria misiba mingi mno mwaka ule, mingine akiwa mfiwa na mingine akiwa mtumishi, na siku ya kumzika shemeji yake Ladislaus alikuwa vyote viwili. Alikaa mkekani na wanawake wenzake, miguu ameinyoosha, kanga kichwani, na shingoni kimening'inia kile kidude cheusi ambacho watu wa Lukenge walikiita Karani. Kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kikisikia habari ya mtu aliyekufa ghafla kitauliza, na kikishauliza hakikubali kunyamazishwa mpaka kijibiwe.

"Ungekiacha nyumbani leo," wifi yake alimnong'oneza.

"Hairuhusiwi, wifi."

"Hata msibani?"

"Hasa msibani."

Alijibu bila kugeuka. Alikuwa amechoka, tena si uchovu wa siku ile tu. Kwa miaka mingi alikuwa mpima nasaba wa milima yote ya upande ule, akipanda na kushuka, nyumba kwa nyumba, akiwauliza watu maiti zao. Nani alikufa? Kwa nini? Akiwa na umri gani? Karani alichukua majibu hayo, akayachanganya na uzito wa mtu na sukari ya damu yake, akatoa namba moja: alama ya moyo. Mwenye alama ya chini alibaki na punje nyeupe, ile chembe ndogo inayopandikizwa chini ya mtulinga kwa kila mtoto anapoanza shule. Mwenye alama ya juu alitolewa nyeupe akawekwa nyekundu. Nyekundu ilipima hata lehemu, yale mafuta yanayoganda ndani ya mishipa, na damu ikianza kuziba njia ya moyo, yenyewe iliyeyusha donge kabla mwenyewe hajajua kinachomsibu. Punje nyeupe haikuweza hayo. Kijiwe kinachopima lehemu kilichakaa upesi na kilikuwa adimu, kwa hiyo walipewa wale tu ambao nasaba yao ilidai.

Basi kila kitu kilitegemea nasaba. Na nasaba ilitegemea watu kusema kweli kuhusu wafu wao. Hapo ndipo Leokadia alipochokea.

Walikuwa wamekwisha kuzika, sufuria za wali zimeinjikwa, wazee wanapiga soga za chini chini, Nyamizi alipoingia uwanjani amevaa koti la marehemu.

Nyamizi alikuwa fundi wa betri pale kituo cha behewa la waya, Mnyamwezi mnene wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Babu zake walipita huku na misafara ya mizigo, na baina yao na Waluguru kukabaki utani usiokufa. Mluguru akifa, Wanyamwezi ndio wenye msiba: wanaume wao wanachimba kaburi na kuosha maiti, wanawake wanakamata wanachokitaka mpaka wakombolewe. Na wote wana ruhusa ya kusema lolote juu ya marehemu. Mfiwa hakasiriki. Na lililosemwa na mtani msibani halibebwi likapelekwa pengine, sembuse ofisini.

"Mnalia nini, watumwa wangu?" alifoka Nyamizi. "Mimi hapa Ladislaus! Nimerudi, nimesahau kumalizia kitimoto!"

Wanawake waliangua kicheko huku machozi yakiwatoka. Nyamizi alitembea kama marehemu, mikono nyuma, akikagua watu kwa dharau. Kisha alisimama ghafla. Akashika taya.

"Jino!" alisema. "Mke wangu, jino linaniuma!" Mkono wa kushoto ukaning'inia. Akakaa chini polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu, halafu akalala chali na viatu vikatazama mbinguni.

Walicheka mpaka wengine wakajifunika uso. Nyamizi aliinua kichwa.

"Wanaume wa nyumba hii meno yao hayang'oleki, yanawang'oa wao! Baba yao, jino. Huyu, jino. Na yule Sabasi wetu..." Alimgeukia Leokadia, mjane wa Sabasi, na macho yake yalikuwa yanacheka bado. "Ati alianguka kwenye matuta. Kaka zangu walimwosha, hawakuona hata mchubuko wa kumuua kuku. Sabasi hakuanguka akafa, jamani. Sabasi alikufa, ndipo akaanguka! Na wote watatu wana kashata kisiginoni! Wameoshwa na wa kwetu, tumeziona, ngumu, za njano, mbili mbili. Sijui waliziweka za kula safarini!"

Kicheko kilipanda, na katikati yake kidude cha shingoni kikalia, *tii*, kikasema kwa sauti ya upole ya mtu asiyejua yuko wapi:

"Nimesikia habari za vifo vitatu. Shahidi ni nani?"

Uwanja ulinyamaza.

"Subiri," Leokadia alikiambia, akakifunika kwa kanga.

*

Kashata kisiginoni. Neno hilo lilimwondoa mkekani, likamzungusha nyuma ya nyumba kwenye migomba, akasimama huko ameshika ukuta.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiuliza swali kama lilivyoandikwa na wataalamu wa pwani: *Katika ukoo wenu, nani alikufa ghafla?* Na Waluguru walimjibu Kiluguru. Ukoo ni wa mama. Mjomba ni ukoo, bibi mzaa mama ni ukoo. Baba ni mtu mwema aliyekuja kuoa, ana ukoo wake huko kwao, na maiti za kwao ni za kwao. Hakuna aliyedanganya. Walijibu walichoulizwa. Na yeye mwenyewe, Mluguru aliyezaliwa Lukenge, hakusikia kasoro yoyote kwa sababu hata yeye ndivyo angejibu. Ndivyo alivyojibu. Ilipofika zamu ya kumwandikisha mwanawe alitaja wajomba zake, wazee waliokufa na meno yao wakilalamikia magoti. Karani alifurahi. Kolumba akapata alama mbili, punje nyeupe, na kazi aliyoililia tangu utoto.

Milima mizima ilikuwa imepimwa nusu. Lakini Mungu amsamehe, wakati ule hakuwaza milima. Aliwaza visigino viwili vya mwanawe, na lehemu inayozidi damuni mpaka inaganda vinundu humo.

Alimkuta Kolumba anashusha mabenchi kutoka kwenye mkokoteni. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mwembamba kama ufito, na hilo nalo lilikuwa limewapumbaza wote. Watu wa Lukenge waliamini mafuta ni shida ya wenye vitambi.

"Kolumba, mwanangu. Njoo hapa."

Alikuja akijifuta jasho. Alipomkaribia, Leokadia alisikia harufu ya karafuu mdomoni mwake.

"Tangu lini unatafuna karafuu?"

"Jino tu, Mama. Linanisumbua nikipanda mlima. Nikipumzika linaacha."

Jino gani linauma mtu akipanda na kupoa akikaa? Alitaka kupiga kelele, akajizuia.

"Vua buti."

"Mama, watu wanasubiri mabenchi."

"Vua, nimesema."

"Sivui." Alikuwa amekwisha kuelewa, alikuwapo uwanjani, alicheka na wenzake mpaka aliposikia ile *tii*. "Najua unachotafuta. Ni vinundu tu, vya buti. Madereva wote wa waya wanavyo."

"Wote?"

Kolumba alilishika benchi lililofuata.

Behewa la waya lilikuwa ndiyo barabara ya Lukenge. Lilibeba watu na kabichi kutoka mlimani mpaka mjini, juu ya bonde ambalo chini yake hata mbuzi hawashuki. Mashine ingeweza kuliendesha, lakini baada ya mkasa mmoja wa zamani sheria ilitaka mguu wa mtu: dereva anakanyaga pedali muda wote, na mguu ukilegea breki inauma waya pale pale. Upepo ukiwa mtulivu, abiria wanayumba na kutukana. Upepo ukiwa mkali, behewa linaweza kuruka kapi. Kwa hiyo mwenye punje nyekundu haruhusiwi kukaa kwenye kiti kile. Ufunguo wenyewe unasoma alama ya anayeushika.

"Ukimjibu huyo Karani wako," alisema Kolumba taratibu, "kesho nakata kabichi."

"Utazikata ukiwa hai."

"Na wewe umeapa kuandika anachosema shahidi, siyo anachoigiza mtani. Utamtaja Nyamizi? Ofisi itamwita. Ikimwita yeye itawaita watani wa milima yote wahojiwe walichokiona wakiosha maiti. Nani atatuzika, Mama? Nani atatuchekesha?"

Lilikuwa swali la haki.

"Baba yako..." alianza.

"Baba alianguka." Sauti yake ilikuwa ya mtoto ghafla. "Nyinyi wenyewe mlisema alianguka. Mlisema mpaka kaburini."

Leokadia alimtazama. Kolumba alikuwa na miaka tisa siku ile. Alikuwa ameenda matutani na baba yake kupanda maharage, akarudi peke yake amebeba kopo la mbegu, na kwa siku nyingi hakusema neno. Wakubwa walisema kwa niaba yake. Naye alipokua, kati ya kazi zote za dunia, akachagua kukaa angani.

"Nisaidie kushusha benchi hili," alisema Kolumba, "au uniache nilishushe."

Alimsaidia. Angefanya nini?

*

Jioni Nyamizi alikuwa anasugua masufuria kwa majivu, koti la marehemu likiwa bado mwilini. Leokadia alichuchumaa karibu yake. Karani alikuwa ameuliza mara kadhaa chini ya kanga, na kila mara alijibiwa subiri.

"Mtani," alisema Leokadia, "umeniua leo."

"Ndiyo kazi yangu. Unataka kunishitaki?"

"Nataka shahidi."

Nyamizi aliacha kusugua. "Hilo hapana. Nikukatalie mapema tusije tukagombana. Mimi leo nimesema kwa sababu halibebwi. Siku litakapobebwa, sitasema tena mimi wala mwanangu, na nyinyi mtazika mabubu. Hayo ya kisiginoni mama yangu aliyasema kwa baba yao, mbele ya watu wote, walicheka. Kila mtu kasikia. Kama yana faida, wenyewe mnayo."

"Tulisikia tukacheka."

"Ndiyo. Basi kosa ni la utani?"

Leokadia alikuwa na njia mbili na zote zilimchoma. Angeweza kulitaja jina la Nyamizi. Mwanawe angepona kwa nguvu, na desturi iliyokuwa imewabeba katika kila kilio ingekufa mikononi mwake. Au angeweza kusema *futa*. Neno dogo. Karani angesahau, Kolumba angebaki angani na mguu wake kwenye pedali, akitafuna karafuu.

"Kolumba anatafuna karafuu," alisema, na hapo machozi aliyoyabana tangu mchana yakamshinda. "Anasema ni jino. Anapopanda mlima."

Nyamizi alimtazama. Uso wake ulikuwa hauna mzaha wowote, na Leokadia alitambua kuwa katika miaka yote hakuwahi kuuona uso huo.

"Usiseme ndiyo wala futa," Nyamizi alisema hatimaye, akachukua tena majivu. "Mwache aendelee kuuliza. Matanga hayajavunjwa."

*

Asubuhi ukungu ulikuwa haujaondoka kituoni. Wakulima walikuwa wamejipanga na magunia ya kabichi, behewa limesimama kimya, na mlangoni pake, juu ya kreti la soda, ameketi Nyamizi na koti lake la kufiwa. Ufunguo wa behewa ulikuwa unaning'inia shingoni mwake. Alikuwa ameuchomoa kwenye kiuno cha Kolumba usiku alipokuja kumkumbatia kwa pole.

Kolumba alifika akihema, kuku mkononi. Alijua desturi.

"Haya mtani, kombozi yako hii. Nipe ufunguo, watu wanachelewa soko."

"Sitaki kuku."

"Unataka nini? Mbuzi?"

"Nimekamata mali ya mfiwa, bei napanga mimi. Vua viatu."

Watu wa foleni walicheka. Mmoja alipiga mluzi. Kolumba naye alicheka, kwa kuwa asingeweza kukasirika. Angekasirika angekuwa amevunja kitu kikubwa kuliko ufunguo, na wote wangemshuhudia. Akatazama huku na huku. Akamwona mama yake amesimama kando ya nguzo, na Karani yuko wazi shingoni, hakufunikwa.

"Mama, wewe ndiye umemtuma."

"Hakunituma mtu," alisema Nyamizi. "Mtani hatumwi. Vua, au leo kabichi zichachie hapa."

Kolumba alimtua kuku. Alikaa kwenye gunia na kuanza kufungua kamba za buti, taratibu, kama mtu anayetumaini kamba zitakuwa ndefu zaidi. Alivua moja. Alivua la pili. Akavua na soksi.

Nyamizi alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa. Alikishika kisigino cha Kolumba kwa mikono yake ya ufundi, akapitisha kidole gumba juu ya ule mshipa mgumu wa nyuma. Vinundu vilikuwapo. Viwili huku, viwili kule, vya njano, vigumu.

"Kashata hizi," aliuliza, na sauti yake ya kuita ng'ombe ilikuwa imeshuka kabisa, "ni za nani?"

Hakuna aliyecheka tena. Kolumba aliinama akavitazama visigino vyake kama vya mtu mwingine. Leokadia alitamani kumkimbilia, akaogopa kumgusa.

"Za baba," alisema Kolumba.

*Tii.* "Shahidi ni nani?"

Leokadia hakufungua mdomo. Kolumba alinyoosha mkono bila kumtazama. Mama yake akavua kidude shingoni, akampa.

"Mimi," Kolumba alikiambia.

"Uhusiano na marehemu?"

"Mwanawe. Marehemu ni Sabasi, mwana wa Prospa."

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Alikufaje?"

Kolumba alifumba macho.

"Tulikuwa tunapanda maharage. Akasema jino linamuuma. Akashika hapa. Akakaa juu ya tuta, akaniambia nishike kopo vizuri mbegu zisimwagike. Nikalishika. Nikawa naliangalia kopo tu. Nilipoinua macho alikuwa... Alikuwa ameondoka, amekaa vile vile. Nikamgusa. Ndipo akaanguka. Nilidhani nimemwangusha mimi."

Leokadia alipiga ukelele mdogo, akaziba mdomo. Miaka yote ile! Miaka yote mtoto wake alikuwa amelibeba hilo kama kopo, bila kumwaga hata punje moja, na yeye, mpima nasaba, aliyeuliza maiti za milima mizima, hakuwahi kumuuliza wa nyumbani.

"Imethibitishwa," alisema Karani. "Alama ya moyo imepanda."

Nyamizi aliinuka kwa shida, akauvua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja cha Kolumba. Desturi inataka hivyo: kombozi ikilipwa, mali inarudi kwa mwenyewe. Kolumba aliutazama. Akaenda mpaka mlangoni pa behewa, pekupeku, akauingiza. Taa ikawaka nyekundu. Ulikataa.

Aliendelea kuushikilia pale kwa muda, kisha akauacha ukining'inia mlangoni.

Dereva wa zamu ya pili aliitwa. Safari hiyo Kolumba alishuka mjini kama abiria, kwenda hospitali, buti zake mapajani, kati ya mama yake na bibi mmoja mwenye gunia la karoti. Walipokuwa juu ya bonde bibi yule alimgusa Leokadia begani.

"Mama Karani. Mimi uliniuliza mwaka juzi. Nilikutajia ukoo wote, wala sikukuficha." Alisita. "Lakini baba yangu hukuniuliza."

Leokadia aliegemeza kichwa kwenye kioo. Aliiona milima yote imejipanga nje, migongo yake na vijumba vyake, nyumba zote alizokwisha kuzimaliza. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Alikishika kidude, akakigeuza kiangalie upande wa bibi.

"Haya, bibi," alisema. "Anza na baba yako."

Bibi alianza kusimulia. Leokadia alimsikiliza, macho yake yakiwa chini, kwenye mguu wa kulia wa mwanawe. Ulikuwa mtupu, umelowa ukungu, nao ulikuwa unakanyaga sakafu kwa nguvu zote, mahali pasipo na pedali, ukiwashikilia wote hewani.

Aliuweka mkono wake juu ya goti la Kolumba.

"Inua mguu, mwanangu," alimwambia. "Hatuanguki."